Tupeane uzoefu: wikendi ya kufunga mwaka Mombasa, pa kwenda, pa kula, na namna ya kuuhesabu mwaka

Wa Tudor (mwenye uzi)
Disemba imeingia, na kila unayekutana naye anauliza aende wapi wikendi moja bila kumaliza mshahara. Tupeane uzoefu wa vitendo: njia, saa, vipimo, na mambo huharibikia wapi. Naomba tuzungumzie mahali na chakula zaidi kuliko nafsi zetu, ili anayesoma leo aweze kuondoka kesho. Sharti langu ni moja: safari iwe ya siku moja au ya kulala usiku mmoja, na ibakishe saa mbili za kukaa chini kuutazama mwaka. Hizo saa mbili ndizo zinazoliwa kwanza na foleni na mizigo, kwa hivyo zipangiwe mapema.

Wa Likoni
Angalia maji kabla ya kuangalia hoteli. Mtu hulipia chumba Diani, akafika saa nne asubuhi, akaikuta bahari imerudi hadi mwambani, akadhani amedanganywa. Hesabu ya wavuvi haitaki hata intaneti. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Tarehe 3, kwa mfano, maji yatapwa kama saa sita kasorobo. Ukifika tarehe 8 au 22 ni maji mafu: kujaa na kupwa havipishani sana, na asubuhi ndipo yanapojaa.

Kwa hivyo, ukitaka kutembea mwambani au kufika kwenye fungu la mchanga, chagua bamvua na uingie saa moja unusu kabla ya maji kupwa kabisa, yakiwa bado yanatoka. Ukiwa na watoto wa kuogelea asubuhi, chagua maji mafu. Wikendi ikiangukia bamvua, waache wacheze mchangani hadi adhuhuri, waogelee alasiri.

Sasa hatari. Maji yakigeuka, huwa hayaji kwa mbele unakoangalia. Hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufuo. Unauona mwamba ulipo ungali mkavu, kumbe njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Anza kurudi pale maji yanaposimama tu, usingoje uyaone yakipanda. Vaa raba zilizofungwa kamba. Ndara hunasa kwenye mwamba na kukuacha mguu mtupu, na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi hujificha kwenye vishimo. Mwiba wao hukatikia ndani ya nyama, na kuuchokora kwa pini huuvunja vipande zaidi. Na mashua ya kwenda funguni, patana bei ukiwa bado mchangani, na iwe bei ya kwenda na kurudi.

Wa Bamburi
Naongezea la Shimoni na Wasini. Kwa kutazama samaki na matumbawe pale hifadhi ya bahari ya Kisite, ngoja kaskazi, Disemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Kusi likivuma, hasa Juni na Julai, mawimbi hutifua mchanga na huoni hata vidole vyako, juu ya hayo chombo kinayumba na nusu ya abiria wanatapika. Kama tumbo lako jepesi, kaa nyuma ya chombo, tazama upeo wa bahari, na usipande ukiwa na njaa.

Wa Ukunda
Njia ya kusini kwa asiye na gari: vuka feri kwa miguu, hulipi kitu. Ukishuka Likoni panda matatu ya Ukunda, kama kilomita 30, kisha tuktuk au boda hadi ufuo wa Diani. Kosa la wageni ni kuteremka Ukunda na begi kubwa la magurudumu wakidhani bahari iko hapo hapo. Bado ni mwendo.

Asiyetaka bahari aende Shimba Hills. Unapinda kulia pale Kombani, unapanda hadi Kwale, na joto la Mombasa unaliacha chini. Hapo ndipo makao ya palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, hapa Kenya, na kuna maporomoko ya Sheldrick, ambayo unateremka kwa miguu ukiongozwa na askari wa hifadhi. Lipa kiingilio kupitia eCitizen ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, kwa sababu pesa taslimu langoni hazipokelewi. Kuteremka ni rahisi. Kurudi juu ndiko kunakowamaliza watu, kwa hivyo kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji yake mwenyewe, na viatu viwe vya kufunika kidole.

Wa Mtwapa
Kaskazini kwa ufupi. Jumba la Mtwana ni safari ya nusu siku: magofu ya karne ya 14 na 15, msikiti uko kando ya bahari, mibuyu, na kimya cha kutosha kwa hizo saa mbili za mwenye uzi. Ukitaka mbali zaidi, panda matatu ya Malindi, shuka Gede. Magofu yenyewe yako karibu na barabara, na tangu 2024 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nenda asubuhi: msitu unaoyazunguka huzuia upepo, na kufika saa saba hewa huwa nzito na mbu wapo. Dawa ya mbu ipake kabla ya kuingia.

Wa Majengo
Mimi nakuja kwenye chakula, maana watu husema "Mombasa hakuna mahali pa kula" kumbe wamefika saa mbaya. Mahamri na mbaazi ni ya asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu. Ukija saa nne unauziwa yaliyopoa. Viazi karai, bajia na kachiri huanza baada ya alasiri. Mishkaki ni baada ya magharibi. Pale Mama Ngina, kando ya bahari, ni muhogo wa kuchoma na madafu, jioni jua likipungua. Ramadhani ratiba yote hugeuka, karai zinawekwa motoni karibu na futari.

Kibanda cha kuamini ukijue kwa mafuta. Simama kando ya karai dakika mbili. Mafuta mazuri hutoa mapovu makubwa yanayopotea haraka kiazi kikitolewa. Mafuta yaliyochoka yana povu dogo la rangi ya chai linalobaki juu hata karai likiwa tupu, na moshi wake unawasha macho. Hapo pita, hata foleni iwe ndefu.

Kwa waliokodi nyumba yenye jiko, viazi karai vya watu sita ni hivi. Kilo mbili za viazi vidogo, vichemshwe na maganda yake na chumvi, umenye vikiwa moto, kisha uviache vikauke kabisa. Unga wa ngano vikombe viwili, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, pilipili ya unga kidogo, na maji kidogo kidogo hadi uwe mzito wa kung'ang'ania mgongo wa kijiko. Tone la unga likidondoshwa kwenye mafuta lipande juu papo hapo. Likizama na kukaa, mafuta hayajawa tayari na viazi vitayanywa. Unga ukibanduka kwenye viazi na kuelea peke yake, basi viazi vilikuwa na maji. Futa kwa kitambaa, chovya upya. Ukwaju wake: loweka ngumi moja ya ukwaju kwenye maji moto vikombe viwili, kamua, chuja, tia pilipili mbichi iliyopondwa, chumvi, na sukari kijiko kimoja tu.

Wa Kizingo
Dada wa Majengo, shukrani. Mbaazi zangu za nazi hukatika kila mara, tui linajitenga na mafuta. Kosa liko wapi?

Wa Majengo
Mwanangu, unatia tui zito mapema na moto mkali. Mbaazi zilizolowekwa usiku kucha zichemke kwa maji hadi zibonyeke kwa vidole. Ndipo utie tui jepesi, kitunguu, manjano na pilipili nzima, zichemke hadi zikauke kidogo. Tui zito ndilo la mwisho: punguza moto, mimina, koroga upande mmoja bila kuacha, na pindi likianza kutokota tu, epua. Usifunike sufuria wakati huo. Chumvi tia baada ya mbaazi kuiva. Nyanya weka mbali, uchachu wake nao hukata tui.

Wa Changamwe
Zile saa mbili sasa. Kumbukumbu pekee hudanganya, hukupa Novemba na Disemba na kusahau Machi. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa kamili ya M-Pesa ya miezi 12. Inakuja kwa baruapepe, na namba ya kuifungulia inakuja kwa ujumbe mfupi. Fanya hivyo Alhamisi, kabla ya safari, kwa sababu ukiwa ufuoni mtandao unaweza kukuangusha.

Chukua daftari, chora mistari 12, mwezi kwa mwezi. Kila mwezi andika mambo matatu: pesa iliyokwenda nyingi zaidi ilikwenda kwa nani, picha moja ya simu yako iliyo muhimu mwezi ule, na mtu uliyekuwa naye sana. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, ijumlishe peke yake, zile ada ndogo ndogo ndizo zinazoshtua watu. Michango ya harusi na matanga usiihesabu kama hasara. Iandike pembeni na majina, maana hao ndio jamaa zako. Mwezi usio na cha kuandika, uache wazi na uende mbele. Ukimaliza, rudi kwenye miezi iliyobaki wazi, kisha jiulize ulikuwa unafanya kazi, ulikuwa unaumwa, au ulikuwa na huzuni. Miezi hiyo ndiyo inayostahili mazungumzo, na ni vizuri mwenzako awepo.

Mkiwa wawili, kila mmoja aandike peke yake kwanza. Mkisomeana mapema, wa pili hunakili mwaka wa wa kwanza.

Wa Tudor (mwenye uzi)
Ahsanteni sana. La mwisho, Bwana wa Likoni: Jumapili tukirudi kutoka kusini, tufike feri saa ngapi?

Wa Likoni
Wenye gari, kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu baada ya hapo Diani nzima inarudi. Mkikosa, msisimame kwenye foleni na watoto wenye njaa. Egesheni, kuleni Likoni, mvuke baada ya saa tatu usiku. Feri hufanya kazi usiku kucha. Wa miguu hamna shida, ila shikeni watoto mikono mkishuka kwenye ule mteremko, umati husukuma.