Mtaji wa wawekezaji kabla ya mteja wa kwanza: busara au kitanzi?

Mkono Mtupu:
Nasema hivi, na anayebisha abishe. Kampuni changa ya teknolojia isiguse fedha ya mwekezaji kabla haijapata wateja wanaolipa. Mailchimp, kampuni ya barua pepe za matangazo, ilianza 2001, ikakua kwa fedha za wateja wake, na 2021 kampuni ya Intuit ikakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 12. Quibi, huduma ya video fupi za simu, ilikusanya dola bilioni 1.75 za wawekezaji, ikafungua milango Aprili 2020, na mwaka haukuisha kabla haijafunga. Wale wa "bila mtaji hatuwezi kujenga mfumo" wanajificha tu nyuma ya msimbo wasikutane na mteja. Wateja 100 wa kwanza hawahitaji mfumo. Excel na simu vinatosha.

Seva Haizimwi:
Kwenye mtaji sina neno. Ila hiyo ya "wanajificha nyuma ya msimbo" ni matusi, na hiyo ya Excel ni hatari. Bofya mara mbili faili la CSV (data ya maandishi matupu iliyotenganishwa kwa mkato) lenye namba za simu zinazoanza na sifuri uone: sifuri zote zimeliwa. Weka namba ya tarakimu 16, Excel inashika 15 tu, ya mwisho inageuka sifuri. Ukishahifadhi faili, hairudi. Mwaka 2020 waliobobea kwenye jeni walilazimika kubadili majina ya jeni, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa inayageuza tarehe. Wanasayansi wamesalimu amri, wewe ndiyo unamwekea mteja fedha zake humo?

Mama Leja:
Excel haijakosa kitu hapo, mwanangu, aliyekosa ni aliyebofya. CSV haifunguliwi kwa kubofya mara mbili. Unafungua kitabu kitupu, unaingia sehemu ya Data, unaleta faili la maandishi, na safu ya simu unaitaja kuwa ni maandishi KABLA ya kupakia. Ukibadilisha aina baadaye unapaka rangi jengo lililoungua, sifuri imeshakwenda.

Panga Butu:
"Aliyekosa ni aliyebofya." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kila data iliyopotea. Uingereza 2020 waliacha nje ya hesabu karibu wagonjwa elfu 16 wa corona kwa sababu Excel ilijaa, ilifika safu milioni ikagoma. Nao walikuwa na wahasibu, mama.

Mama Leja:
Kwanza ni mistari. Safu zinasimama, mistari inalala, tukubaliane hapo kabla hatujazika mtu. Pili si milioni. Milioni moja na kidogo, 1,048,576, ni mwisho wa .xlsx, muundo mpya wa faili la Excel. Wale walitumia .xls ya zamani inayoishia 65,536, na kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa. Mistari iliyozidi ikakatwa. Aliyechagua muundo wa kizamani ni binadamu.

Panga Butu:
Haya, mistari. Wagonjwa walipatikana?

Hisa Tamu:
Jamani, mada ni mtaji. Mkono Mtupu, Mailchimp ni ile embe moja iliyobaki juu ya mti, kila mtu anaionyesha kwa kidole. WhatsApp ilichukua fedha za Sequoia, kampuni ya uwekezaji, na 2014 Facebook ilipoinunua kwa dola bilioni 19 ilikuwa na wafanyakazi kama 55 tu. Kwa hiyo fedha ya nje si lazima ikufanye mlafi. Tatizo ni watu kusaini masharti wasiyoyasoma. Tuseme mwekezaji kaweka milioni 4 kwa asilimia 20, na kampuni ikaja kuuzwa milioni 5. Kwa sharti la kurudishiwa kwanza, kabla ya wengine, kiasi kilekile alichoweka, anachukua milioni 4 zake na waanzilishi wanabaki na 1. Likiongezewa neno "na kushiriki", anachukua 4 kisha asilimia 20 ya kilichobaki: 4.2 kwake, laki nane kwenu. Ndiyo maana nasema someni.

Seva Haizimwi:
Sawa, ila sijamaliza na mama. Nikisema databesi watu wanadhani ni mashine yenye taa na kiyoyozi. SQLite ni databesi ya faili moja, haina seva, haina nywila ya kusahau. Unapata kitu ambacho Excel haikupi kirahisi: kukataa. Unaiambia namba ya muamala haijirudii, na ikijirudia inagoma kuandika. Taarifa ya malipo kutoka kwa kampuni ya malipo huja hata mara mbili au tatu, maana mtandao ukikatika kabla hujajibu wanatuma tena. Kwenye Excel yako utamwongezea mteja salio mara mbili, na kesho hakuna anayejua kwa nini hesabu hazifungi.

Panga Butu:
Na asisahau sent. Anayeweka fedha kwa namba za desimali ajaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye programu yake. Kwenye lugha nyingi za programu atapata 0.30000000000000004. Fedha inawekwa kwa namba nzima, kwa kipimo chake kidogo kabisa, na sarafu inakaa kwenye safu yake. Usizidishe kila kitu kwa 100 kwa mazoea: yeni haina sent, dinari ya Kuwait ina vipande 1,000.

Mama Leja:
Hilo la dinari ni zuri, nimekupa alama moja. Lakini mnayoita mapya ni leja. Kila malipo mstari wake. Salio haliandikwi kwa mkono, linajumlishwa. Kosa halifutwi, linasahihishwa kwa ingizo la kinyume lenye tarehe na jina la aliyeandika. Anayefuta mstari wa jana akihamia SQLite atafuta mstari wa jana kwa kasi zaidi. Na hiyo faili moja yako unaihifadhije nakala? Unainakili tu?

Seva Haizimwi:
Hapana! Na hapa wengi wanaumia. Ikiwa kwenye mtindo wa WAL, maandishi mapya yanakaa kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal. Ukinakili faili kuu peke yake wakati programu inaandika, unaweza kupata nakala pungufu au iliyoharibika. Tumia amri ya .backup, au VACUUM INTO itoe faili jipya safi. Kisha ifungue hiyo nakala kwenye mashine nyingine, hesabu mistari. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiite nakala.

Mkono Mtupu:
Naona nimegeuzwa wakili wa Excel. Sikusema Excel milele. Nilisema mpaka mteja wa 100, kisha mtu aangalie dalili: watu wawili wanahariri mstari mmoja, au mteja anauliza salio na jibu linachukua siku.

Seva Haizimwi:
Ulisema "hawahitaji mfumo". Yako hapo juu.

Hisa Tamu:
Narudi kwenye mtaji kwa nguvu. Msiogope SAFE (mkataba wa kupokea fedha leo na kutoa hisa baadaye), ogopeni kutozijumlisha. Zilitoka Y Combinator, kampuni inayolea kampuni changa, 2013, na toleo la 2018 linahesabu asilimia baada ya SAFE zote kuingia. Yaani laki tano kwa kikomo cha thamani ya kampuni cha milioni 5 ni asilimia 10 kamili, na kila SAFE mpya inawala waanzilishi, haimli mwenye SAFE ya kwanza. Chukua moja ya 10 na mbili za 5 kila moja, umebaki na 80. Raundi kubwa ikija na kuuza 20, waanzilishi wana 60.

Mama Leja:
64.

Hisa Tamu:
80 toa 20.

Mama Leja:
Hazitolewi, zinazidishwa. Raundi inawapunguza wote, wenye SAFE pia. 80 mara 0.8 ni 64. Umewapokonya waanzilishi asilimia 4 kwa aya moja, na wewe ndiye mwenye jina la Hisa.

Hisa Tamu:
64 ni kama hakuna fungu la hisa za wafanyakazi. Mwekezaji akitaka fungu jipya la 10 liwepo siku anapoingia, inakuwa 80 mara 0.7, yaani 56. Kwa hiyo nilikuwa mkarimu.

Panga Butu:
Alikosea juu, akakosea chini, akadai wastani. Hesabu umefanyia wapi, mkuu?

Hisa Tamu:
Excel.

Seva Haizimwi:
Nimemaliza.