Je, mji usio na foleni una sababu ya kuyapa mabasi kipaumbele?

Mkazi wa Gungu, Kigoma:
Habari za jioni, ndugu zangu. Kila inapozungumzwa habari ya kuyatanguliza mabasi, mfano unaotolewa ni Dar es Salaam, ambako mwendokasi una njia zake tangu mwaka 2016. Hapa kwetu hakuna foleni ya kustahili jina hilo, labda siku moja moja pale Mwanga, ndiyo maana jirani yangu alinicheka niliposema kwamba mabasi ya Kigoma nayo yanastahili kupewa nafasi ya kwanza. Nahisi amekosea, ila sikuwa na la kumjibu. Katika mji ambao barabara zake ziko wazi, kipaumbele cha basi ni kipi hasa?

Abiria wa Kasulu:
Jirani yako anadhani muda wa abiria hupotea barabarani tu. Safari ya Kigoma hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 1,200, na muda mwingi hupotea pale basi linaposimama. Safari yangu ya mwisho tulifika kwenye mizani moja ya kupimia uzito wa magari tukakuta malori kumi na moja ya saruji mbele yetu. Dereva alizima injini, joto likapanda, na mama aliyeketi kiti cha pili kutoka kwangu, dumu la mawese likiwa katikati ya miguu yake, akawa anampepea mtoto kwa bahasha ya picha za eksirei alizokuwa akizipeleka Muhimbili. Saruji haiumwi wala haina miadi na daktari, lakini ilipimwa kabla ya watu hamsini na kitu. Njia moja ya pembeni, ya mabasi peke yake, ingetosha kuondoa adha ile, wala haihitaji fedha za mwendokasi.

Mjini nako basi linaokoa nafasi ya maegesho; mwombe jirani apige hesabu. Abiria 50 wakisafiri wawili wawili katika magari madogo, ni magari 25, ambayo yakipangwa pua kwa mkia yanachukua zaidi ya mita 100. Basi lao moja lina mita 12 hivi.

Mfanyabiashara, Tabora:
Mwangaluka, ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa reli, na sitaisema vibaya njia iliyofika kwetu mwaka 1912 na kwenu mwaka 1914. Hata hivyo, treni haiendi Sikonge, wala Kibondo, wala Kakonko. Anayeshuka stesheni akiwa na mizigo yake bado anahitaji basi, na mara nyingi analikuta limekwisha kuondoka, au lipo lakini konda anasubiri lijae. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na ndugu wa Kasulu: basi likipewa njia yake kwenye mizani, nalo liwajibike kuondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, viti vijae visijae. Haiwezekani tumtangulize mwenye basi, halafu yeye atukalishe stendi saa nzima huku wapiga debe wakituambia kwamba amebaki mtu mmoja tu.

Dereva wa bajaji, Ujiji:
Naandika jambo litakalonipunguzia riziki. Tangu Oktoba 2023, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliporuhusu mabasi kusafiri usiku, tunapokea wageni saa nane na saa tisa za usiku, na kwa kuwa saa hizo hakuna daladala, nauli tunapanga sisi. Nimewahi kumpeleka mzee mmoja Kibirizi kwa fedha ambayo mchana asingekubali kuilipa, na aliihesabu kwa mwanga wa simu yangu kwa sababu taa ya pale tulipokuwa ilikuwa imekufa. Mkitaka mabasi yaheshimiwe, anzeni na taa, mabenchi na choo kisichofungwa usiku, kisha daladala mbili tatu zipangiwe zamu ya kupokea mabasi ya usiku. Sisi wa bajaji tutabaki na abiria wenye magunia, ambao daladala huwakwepa.

Mkazi wa Gungu, Kigoma:
Nawashukuru sana. Hesabu ya magari 25 nimekwisha kumsomea jirani, naye amehamia kwenye hoja nyingine, kwamba daladala haziwezi kukubali zamu ya usiku bila kulipwa. Ndugu wa bajaji, hao abiria wa saa tisa huwa wangapi kwa usiku mmoja? Wakitosha kujaza Hiace moja, hoja hiyo nayo nitamrudishia.