Hela za walioko nje: zinaijenga Mtwara au zinatudekeza?

Mwana_Shangani: Wadau wa kusini, kila mtu sasa anaimba hela za diaspora. Benki ya Dunia wanasema mwaka 2023 zilizoingia nchi za kipato cha chini na cha kati zilipita dola bilioni 650, misaada haioni ndani. Kenya mwaka 2024 walipokea karibu bilioni 5. Sawa. Sasa nipelekeni Newala mnionyeshe karakana moja tu iliyojengwa na hela ya Muscat. Utaona bati jekundu na ngoma ya unyago yenye spika sita. Mimi naona zinatudekeza. Karibuni kwa hoja, si matusi.

Korosho_Ghafi: Umenena mkuu. Mpwa wangu mwaka huu hajapulizia salfa mkorosho hata mmoja, kisa dada yake yuko Oman. Anashinda kijiweni anasubiri simu itoe mlio.

Mhasibu_Mstaafu: Mngeanza na makato. Kutuma hela huku kwetu kusini mwa Sahara kunakula karibu asilimia 8 kwa wastani. Lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Kwenye laki mbili, elfu kumi na sita inabaki njiani. Huo ni mfuko mzima wa saruji, tena ukaulizie bei.

Nipo_Muscat: Spika sita ndizo ulizoziona? Mimi ni dada wa kazi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nalala saa sita usiku, rial 90 kwa mwezi. Mwali aliyechezwa mwaka jana ni binti yangu, nilimwacha ana miaka minne. Ngoma yake niliiona kwenye simu, nimejifungia chooni ili bosi asinisikie nikipiga vigelegele. Leo mwanaume aliyekaa Shangani ya Mtwara mjini anapigwa upepo wa bahari ananiambia nadekeza watu.

Mwana_Shangani: Dada yangu, sikukulenga wewe. Nazungumzia uchumi.

Bint_Tandahimba: Uchumi upi, kaka? Sare zilishonwa na fundi cherehani wa pale pale sokoni. Mbuzi walitoka kwa jirani. Kungwi kalipwa, wapishi wamelipwa. Hela ilizunguka kijiji kizima kabla haijatoka.

Mtani_wa_Lindi: Ikazunguka mara moja, ikaishia kwa muuza mchele wa Mbeya na Mchina wa spika 😂 Nyie Wamakonde mna mambo. Sisi Lindi hatuhitaji ndege, hela zetu zinatoka Kariakoo. Machinga asilia!

Chuma_cha_Masasi: Machinga asilia wapi? Mitumba Kariakoo tumeibeba wote. Nyie mmebahatika jina tu.

Mtani_wa_Lindi: Jina ni la kabila letu, Wamachinga wa Lindi. Nenda kaulize wazee.

Chuma_cha_Masasi: Kuna jamaa aliniapia eti linatoka kwenye Kiingereza.

Mtani_wa_Lindi: Huyo jamaa mpelekee salamu, mwambie babu yangu alikuwa Mmachinga kabla hajaona Mwingereza.

Korosho_Ghafi: Jamani, mada.

Mhasibu_Mstaafu: Naona makato yamepita kama sijaandika.

Bint_Tandahimba: Korosho_Ghafi, na wewe usijifiche kwa mpwa. Msimu wa korosho wa 2018, ule wa bei ya serikali ya 3,300 kwa kilo, malipo yalipochelewa ulikula nini? Kwetu ada ya kidato cha tatu ilitoka Muscat. Kilo zetu zilikuwa ghalani na stakabadhi mkononi, na stakabadhi haichemshwi ikaiva. Hela ya mtu wa nje inakuja hasa wakati ya shamba imekataa.

Korosho_Ghafi: Mwaka ule nilikopa dukani, sikumwomba mtu.

Bint_Tandahimba: Na mwenye duka alipewa mtaji na nani? Haya, nije kwenye bati jekundu linalomkera mleta mada. Kaka, wewe unafungua bomba. Huku juu uwandani kiangazi kikikaza tunanunua dumu moja shilingi mia tano. Nyumba ya nyasi haivuni maji. Mama alipoezekewa bati tukaweka mfereji ukingoni, tukachimba kisima uani, tukakisakafia kwa saruji. Mvua ya Januari ikajaa hadi mdomoni. Tukafunika kwa mfuniko wenye kufuli, maana usiku maji yanaibwa. Hadi Agosti tunachota. Unaita ufahari, sisi ndiyo bomba letu hilo.

Mwana_Shangani: Hapo kwenye maji sina ubishi. Lakini kwa nini maji ya Tandahimba yalipiwe na mfanyakazi wa ndani wa Muscat?

Chuma_cha_Masasi: Gesi yetu ya Mnazi Bay ilipanda bomba kwenda Dar, watu wakapanda basi kuifuata. Unauliza?

Mtani_wa_Lindi: Msianze na gesi, 2013 ya vurugu za bomba mnaikumbuka.

Chuma_cha_Masasi: Naikumbuka kuliko wewe.

Nipo_Muscat: Mleta mada hajaniomba radhi bado.

Mwana_Shangani: Spika nazifuta dada, ziwe nne. Radhi naomba. Ila karakana sijaonyeshwa.

Nipo_Muscat: Nne zilikuwa za kukodi. Bint_Tandahimba, mdogo wangu, huyo fundi wa kisima bado yupo? Changu kimepasuka pembeni, mama anasema kinanywa maji kuliko sisi.

Bint_Tandahimba: Yupo dada. Nakutumia namba pembeni. Mwambie aanze kabla ya Novemba, na saruji nunua mwenyewe.