Sanduku la zana za babu, fundi chuma: kutunza, kung'arisha, kutumia au kuuza?

Kereza_Taratibu
Wakuu, heshima zenu. Marehemu babu alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na mimi ni mwanagenzi wa fani hiyohiyo, kwa hiyo nimekabidhiwa sanduku lake. Kuna vifaa vya kupimia kwa usahihi, yaani maikromita ya Starrett na kalipa ya vernia, kisha bikari, tupa, tindo, nyundo ndogo, na klempu alizojitengenezea enzi za uanagenzi wake. Nyingi zimegongwa herufi za jina lake. Ndugu wamegawanyika: wapo wanaotaka zikae kama zilivyo, wapo wanaotaka zing'arishwe ziwekwe kabatini, dada anataka zirudi kazini, na ami anasema ziuzwe. Mngekuwa mimi mngechagua lipi?

Jiliwa
Pole kwa msiba, ndugu. Kung'arisha ondoa kabisa kwenye orodha. Skrubu ya maikromita ya milimita kwa kawaida husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na ngoma yake, ile silinda unayoizungusha kwa vidole, ina migawanyo 50, yaani kila mstari ni milimita 0.01. Pitisha msasa hapo uone: mistari inafifia, herufi za babu nazo zinakwenda. Ule weusi wa chuma cha zamani si ugonjwa, uache. Kutu nyekundu ndiyo inayokula. Hiyo itoe kwa mafuta mepesi na kitambaa, na pale ilipong'ang'ania tumia stilwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) laini, mbali na mistari.

MamaTupa
Namuunga mkono dada yako. Nyundo ya baba yangu ninayo karakanani. Mpini umelika kidogo upande mmoja, pale alipozoea kuweka kidole gumba, na changu kinaingia palepale. Nisingelijua hilo kama ingekaa kabatini. Ila tofautisha: nyundo, klempu na bikari zifanye kazi, tupa zilizobaki butu zipumzike. Na tindo, ukiona kichwa kimechanua kwa kugongwa, kisage kwanza kabla hujapiga hata mara moja, maana vipande vyake huruka machoni.

MsakaZana
Nimenunua na kuuza zana kuukuu miaka mingi, kwa hiyo nizungumzie upande wa ami, tena asilaumiwe. Wanunuzi watauliza maikromita kwanza, kwa sababu ya jina. Starrett ilianza mwaka 1880 huko Athol, Massachusetts, na mpaka leo inatengeneza zana za kupimia. Maana yake, ukiiuza kisha ukajuta, unaweza kupata nyingine. Klempu za babu hazina jina la kiwanda, kwa hiyo sokoni zitahesabiwa chuma tu. Lakini yeye ndiye aliyezichora, akakata, akapiga tupa mpaka taya zikakutana. Kinachombeba babu zaidi ndicho kitakachowaletea fedha kidogo zaidi. Mkilazimika kuuza, uzeni kilichotoka kiwandani, klempu zisitoke kwenye ukoo.

MamaTupa
@MsakaZana hapo kwenye maikromita sikubaliani. Nyingine ataipata, lakini si ile aliyoizungusha babu maisha yake yote ya kazi.

Jiliwa
Kweli, lakini kazi haijui huruma. Kabla hujaiamini, futa nyuso zake mbili zinazobana kitu kinachopimwa, zikutanishe kwa kile kirungu cha mwisho kinachoteleza, usome sifuri. Halafu ipime kwa bloku za vipimo vinavyojulikana, sehemu kadhaa za urefu wake, kwa sababu skrubu hulika zaidi pale ilipotumika sana. Sifuri pekee haitakuonyesha hilo. Ikikosea katikati, iweke kwa heshima, ila usiikabidhi kazi ya mteja.

Kereza_Taratibu
Asanteni sana, wakubwa zangu. Nitawaeleza ndugu hivi: hatung'arishi kitu, klempu na nyundo zinaingia kazini nikiwa nazo mimi, maikromita inapimwa kwanza ndipo tuzungumze na ami. Swali moja: wakati inasubiri, niihifadhi vipi? Babu aliiacha imefungwa kabisa.

Jiliwa
Ifungue leo, uache mwanya mdogo. Nyuso zikigusana muda mrefu unyevu hunasa katikati na kutu huanzia hapo, na chuma kikipanuka kwa joto hukosa pa kwenda. Tone la mafuta mepesi, karatasi ya kuzuia kutu, basi.