Globu za uzi wa kaboni makumbusho: tuziwashe au zibaki kabatini?

FundiNyaya
Wakuu, naombeni ushauri. Nimestaafu ufundi umeme, sasa nasaidia kupanga chumba cha taa kwenye makumbusho madogo ya historia ya umeme. Vitu tunavyo: vibatari, kandili, karabai, swichi za kauri, mita za zamani zenye ile sahani inayozunguka. Ila moyo wangu uko kwenye globu nne za uzi wa kaboni, za aina ile waliyofanikiwa kuitengeneza wavumbuzi Swan kule Uingereza na Edison kule Marekani mnamo 1879. Sasa zimebaki tatu.

Ya nne niliiua mwenyewe. Maandishi ya kwenye kitako yalikuwa yamefutika, nikaichomeka moja kwa moja kwenye volti 230. Iliwaka nyeupe, nikasikia "tik", basi. Ndani ya kioo pakabaki ukungu mweusi. Kitu kimetunzwa na watu miaka yote hiyo, mikononi mwangu hakikumaliza sekunde mbili. Bado inaniuma.

Wenzangu wanataka zilizobaki zifungiwe kabatini. Nawaelewa kabisa. Lakini mgeni akiangalia globu iliyozima anaona kioo tu. Hajauona ule uzi uliopinda kama pini ya nywele ukianza kuiva, mwekundu kwanza, halafu rangi ya chungwa. Kuna namna ya kuziwasha bila kuziua?

MtunzaKale
Pole sana mzee wangu. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya kale, na jibu langu halitakufurahisha: zile halisi usiziwashe. Kila zinapowaka, kaboni inatoka kwenye uzi na kuganda kwenye kioo. Ule weusi haurudi ulikotoka. Tafuta nakala, na uandike wazi kwenye kibao kuwa ni nakala. Uwe macho, nyingi zinazouzwa kama za kizamani zina uzi wa tungsteni, ile metali ya globu za kawaida, au ni LED.

Ile ncha ya kioo juu ya globu, walipozibia baada ya kunyonya hewa, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Isiegemee kitu. Na kwenye karabai, vile vifuko vinavyong'aa vikiwa vya zamani mara nyingi vina thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Vikishakuwa unga usivipulize vumbi.

VoltiNdogo
Mimi naona moja inaweza kuwashwa. Mkuu, wewe umezoea tungsteni, ambayo ikipata moto ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, unapanda na kuikinga. Kaboni ni kinyume: ikipata moto ukinzani unashuka, kwa hiyo volti ikizidi inazidi kujivutia umeme. Ndiyo maana yako haikukupa nafasi hata ya kuchomoa. Nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa volti 100 hadi 110 hivi.

Tumia transfoma ya kupandisha volti kwa kuzungusha, lakini itanguliwe na transfoma ambayo nyaya zake za kuingia na kutoka hazijaungana. Ile ya kuzungusha peke yake haikukingi na shoti. Anza na volti 20, panda tano tano, uzi ukifika rangi ya kaa la moto simama hapo. Pale Livermore, California, kuna globu ya kaboni iliyoanza kuwaka 1901, iko kwenye kituo cha zimamoto. Inatumia wati 4 hivi na haizimwi ovyo.

MwalimuWaFizikia
Mimi nitaongeza giza. Zimeni taa zote, wageni wakae dakika tano macho yazoee. Bila hivyo watasema mbona hafifu. Weka pembeni LED yenye wati zilezile: kaboni hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 3 kwa kila wati, LED nzuri hupita 100. Ukitumia umeme wa AC, ule unaogeuza mwelekeo kila mara, sogeza sumaku karibu na kioo, uzi utaanza kutetemeka. Watoto watapenda.

FundiNyaya
Asanteni sana wote. Sumaku sithubutu kwa globu halisi, mwalimu, lakini giza nimelichukua.

Jana jioni nilijaribu moja mbele ya wenzangu, taa zote zimezimwa. Kwenye volti 45 uzi ulianza kuonekana, kwenye 60 tukaacha. Hakuna aliyeongea. Mama mmoja wa kamati, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu kabati, akaomba tusiwashe taa za chumba kwanza.

Tumekubaliana hivi: moja itawashwa mara moja kwa wiki, dakika tatu, volti zisipite 60. Mbili zinabaki kabatini gizani. Na ile niliyoiua itawekwa kwenye kioo cha mbele, ukungu wake ukiangaliana na mlango, na kibao kinachosema ilichomekwa kwenye volti ngapi.

VoltiNdogo, swali moja la mwisho: transfoma ya kutangulia, wati 100 zinanitosha?

VoltiNdogo
Zinatosha na kubaki. Weka na fyuzi ndogo, nusu ampea.