Staji ya labo: karatasi ya pikrati haibadiliki rangi

Staji_Bukavu: Wakubwa, likizo kubwa hii niko labo, tunafuatilia konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sianidi (sumu) ya muhogo mchungu. Karatasi ya pikrati, ya kupimia sianidi, inabaki njano badala ya kugeuka kahawia, hata kwa unga wa muhogo mchungu. Kosa liko wapi?

Biokimia: Umeweka ile karatasi nyingine, yenye bafa (ya kutuliza pH) na linamarase, kimeng'enya kinachotoa sianidi kwenye muhogo? Unga mkavu hauna kimeng'enya hicho cha kutosha, sianidi haitoki. Unga miligramu 100, maji mililita 1, pikrati isiguse maji, kifuniko kikaze: gesi inatoroka upesi. Acha kwa muda wa saa 16 hadi 24, kwenye joto la nyuzi 30. Usiku wa Bukavu ni baridi, tumia inkubeta (kisanduku cha kutunza joto).

Labo_Goma: Kisha loweka pikrati kwenye maji mililita 5, nusu saa, soma ufyonzaji wa mwanga wa maji hayo kwenye spektrofotomita, nanomita 510, zidisha kwa 396 upate ppm (miligramu za sianidi kwa kilo ya unga). Ikizidi ppm 10, unga haufai. Na tafadhali mdogo wangu, asidi ya pikriki isikauke chupani, hulipuka!