Uganda ibaki na Mombasa tu au igawe mzigo na Dar? Tujadili

Wadau, hili suala la njia ya mafuta ya Uganda likiibuka watu wanaligeuza ugomvi wa Mkenya na Mganda, mara maziwa yamekamatwa, mara mahindi yana sumukuvu, tunatukanana weee halafu yanaisha. Mimi nauliza kingine. Nchi haina bahari, karibu mafuta yake yote yanapita Kenya, inalalaje usingizi?

Mwanzoni mwa 2008, uchaguzi wa Kenya ulipovurugika, reli iling'olewa pale Kibera, malori yakakwama njiani na petroli Kampala ikapaa, wakati Mganda hakupiga kura hata moja kwenye ule uchaguzi. Ikaja 2023, Kenya ikasaini mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Saudia na Falme za Kiarabu kuleta mafuta kwa mkopo, dola zilikuwa zimeadimika kwao na siwalaumu, lakini Uganda ndo ikajikuta inalipa bei ambayo haikuitwa kuipanga. Museveni akalalamika hadharani kuhusu madalali, UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda, ikaomba kuagiza yenyewe, leseni ya Kenya ikagoma, Desemba wakafikishana Mahakama ya Afrika Mashariki. UNOC wamekuja kuanza kuagiza Julai 2024! Miezi yote hiyo mnabishania ruhusa ya kununua mafuta yenu kwa hela yenu.

Msimamo wangu: hata kama ni ghali kidogo, sehemu ya mafuta ipite Tanzania kila mwezi, sio kukimbilia huko siku mkikorofishana.

Mchangiaji: Ndugu yangu, niko Malaba hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, malori nayaona kila siku. Mombasa–Kampala ni kama kilomita 1,200, Dar kupitia Mutukula, mpaka wa Tanzania na Uganda, inapita 1,500, hiyo tofauti anailipa nani kama sio mtu wa bodaboda? Na mbona Januari 2022 umeiruka? Ile foleni ya matreila ya makilomita na makilomita ilitokana na Uganda wenyewe kudai madereva wapime korona tena kwa kulipia, madereva wakagoma, lita ikafika elfu kumi ya Uganda sehemu zingine. Hapo Kenya ana kosa gani? Halafu Uganda ni soko kubwa la bidhaa za Kenya miaka nenda rudi, Nairobi hawezi kumfungia mteja wake.

Mleta mada: Ya 2022 ni kweli kabisa, na ndo inayonitia wasiwasi zaidi, kosa la Kampala lakini nchi nzima ikakauka kwa sababu mafuta hayakuwa na pengine pa kupita. Umbali nakubali unauma, ila sio lazima yote yapande lori, kuna reli hadi Mwanza na meli za kubeba mabehewa hadi Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, njia ya zamani ile, ilitelekezwa ikafufuliwa 2018. Na hilo la mteja, angalia leseni ya UNOC ilitoka lini, ni baada ya Kampala kuanza kuongea na Dar, kabla ya hapo walikuwa wanazungushwa tu. Wewe uliye hapo Malaba hebu niulizie, wenye matenka wenyewe wakipewa mzigo wa Mutukula kwa bei inayoeleweka watakataa?